Msitu wa Litipo na ziwa Lutamba na watoto watano: nendeni, ila ile pakeji ya mjini achaneni nayo

Tangu niweke zile picha stetasi nimeulizwa mpaka nimechoka, hapo ni wapi, ni Usambara? ni Morogoro? Jamani ni hapahapa Lindi, ni Rutamba, msitu wa Litipo uliokaa pembeni ya ziwa. Mimi mwenyewe nina miaka 7 Lindi mjini na Rutamba nilikuwa naijua kwa misiba tu, unaenda, unazika, unakula pilau, unapanda gari unarudi, ziwa lenyewe sijawahi hata kushuka kuliangalia. Kwahiyo msiojua siwacheki. Nawaandikia yote, yaliyonifurahisha na yaliyonikera, na bei nawawekea maana najua wengi mnashuka chini mnatafuta bei.

Tulikuwa mimi, baba Nasra, wifi yangu aliyekuja kutoka Dar likizo ya mwezi wa sita na wanawe wawili, na wangu watatu. Watoto watano, mkubwa miaka 11, mdogo miaka 4, na huyo wa miaka 4 ndo kipimo. Mahali ukitaka kujua kama panafaa familia usimuangalie mkubwa, mkubwa hata umpeleke jangwani atafika, muangalie huyo mdogo kama atatembea au utambeba. Wangu alitembea. Mwishoni alibebwa kidogo, ntafika huko.

Wazo lilikuwa la wifi. Siku tatu za mwanzo tumempeleka baharini, tumevuka na kivuko kwenda Kitunda, tumekula pweza mpaka basi, siku ya nne akasema wifi yangu asante lakini bahari hata Dar ipo. Ndo nikakumbuka kuna kijana hapa mjini anauza safari, tangazo lake lilizunguka sana kwenye magrupu. Jina lake siliandiki wala la ofisi yake, ni mtoto wa watu anatafuta, sijaja kumwaga unga wa mtu. Tangazo lilisema matembezi ya familia msituni, njia fupi ya kilomita 3, ndani yake usafiri, kibali, mwongozaji, chakula cha mchana, vinywaji, choo kisafi, na mwisho kwa herufi kubwa MTAMUONA KOMBA WA RONDO (Rondo ni nyanda ya juu huku kwetu Lindi). Mkubwa 45,000, mtoto 20,000. Piga hesabu, watu wazima watatu na watoto watano ni 235,000. Nikaomba anipunguzie, akaniongezea maneno matamu, hela akaiacha palepale.

Tulikubaliana saa 12 na nusu asubuhi. Saa 12 na nusu watoto wamevaa raba wamekaa barazani na vibegi vyao mgongoni kama wanaenda bweni, saa 1 ikapita, saa 1 na nusu simu haipokelewi, saa 2 kasoro ndo Noah inaingia na dereva anasema dada nilikuwa najaza upepo. Upepo gani wa saa nzima na nusu? Basi. Hapo juani kwenyewe kulikuwa hakujakuwa kukali, mwezi wa sita kusi inavuma, kuna kaubaridi, kwahiyo hatukuumia sana. Ila mwezi wa kumi ukichelewa hivo umeshaharibu siku, nawaambia.

Tukampitia kijana Ngongo pale kwenye viwanja vya Nanenane, tukaacha lami. Njia ni vumbi, kuna sehemu makorongo, Noah ilikuwa inapita kwa kuombewa, kama saa moja na kitu hivi. Watoto wa wifi walikuwa wanauliza harufu gani hiyo kama kiberiti, ni salfa, huu ndo msimu watu wanapulizia mikorosho. Wale wa Dar wanajua korosho ipo kwenye kapakti ya elfu mbili pale Ubungo, mti wake hawajawahi kuuona, kwahiyo safari ilishaanza kuwa na maana kabla hatujafika popote.

Kabla sijaendelea, jina. Kata inaandikwa Rutamba, ziwa watu wanaandika Lutamba, wengine wanageuza. Ukiuliza njiani sema lolote kati ya hayo mawili utaonyeshwa palepale, sisi wa Kusini L na R hatujawahi kugombania.

Tumefika kijijini. Kijana akashuka, akamsalimia mzee mmoja aliyekaa chini ya mwembe na panga lake magotini, akatuambia huyu ndo mwongozaji wenu, mimi nawasubiri hapa. Hapo baba Nasra, ambaye kwa kawaida huwa haongei, akauliza kibali kiko wapi. Kijana akaanza kupapasa mifuko. Mfuko wa mbele, mfuko wa nyuma, kwenye begi, kwenye simu. Kibali hakuna. Yule mzee akasikiliza weee, akasimama, akasema "Twendeni kwanza ofisini mkaandike majina, kisha tushughulikie la misitu, msitu huu ni hifadhi ya serikali, mimi siingizi watoto wa watu kama wezi wa mbao." Tukapoteza saa nyingine hapo, tukalipia upya, na risiti tukapewa. Hizo hela kijana karudisha baada ya wiki mbili, tena kwa kukumbushwa.

Sasa kuanzia hapa ndo mambo yakawa mazuri, na yote ni kwa sababu ya huyo mzee. Watoto walimwamkia, shikamoo babu, akaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, hakuitikia jumla, na kila mmoja akamuuliza jina. Alafu akauliza nani mdogo. Wangu wa miaka 4 akanyoosha kidole. Babu akasema basi wewe ndo kiongozi wa msafara, wote tunakufuata nyuma, hakuna ruhusa ya mtu kukupita. Nyie, yule mtoto alivimba! Na mimi nilidhani ni utani wa kumfurahisha mtoto, baadae ndo nikaelewa ndo utaratibu wenyewe. Mdogo akiwa mbele, mwendo ni wake, hakuna anayeachwa, hakuna anayelia nyuma mama nisubirini, na wakubwa wakitaka kukimbia hawawezi maana kanuni ni ya babu sio ya mama. Nimeshatembea na familia mara nyingi, siku zote yule mdogo yuko nyuma anavutwa mkono kama mbuzi wa sadaka.

Tulianzia ziwani. Sio ziwa la kutisha, usitegemee Nyasa, ng'ambo unaiona, lakini limetulia vizuri sana, matete pembeni, mayungiyungi yameelea, mitumbwi ya magogo imepakizwa nyavu, na mdiria mmoja alikuwa amekaa kwenye mti mkavu anaangalia maji, mara puu, katoka na kisamaki. Watoto wakapiga makofi, ndege akaondoka na hasira zake. Wavuvi wanatoa perege na kambale hapo. Bila shaka swali la kwanza, mama tuogelee? Na tangazo kumbe lilikuwa na picha ya watoto wanaruka majini, sijui kaitoa wapi.

Babu alikataa kabisa. Kwanza alisema mamba hawezi kuwaahidi kwamba hawapo. Lakini hata kama asingekuwepo mamba mimi mwenyewe nisingekubali, na wazazi hili lisikilizeni. Maji ya kutulia kama haya huku kwetu ni kichocho. Kuna vikonokono vidogo vinakaa kwenye majani ya majini, vinatoa vijidudu, vile vijidudu vinaingia kwenye ngozi hivihivi, hata mtoto asiyekunywa hayo maji, miguu tu ikilowa inatosha, alafu baada ya muda unamuona anakojoa damu. Dawa yake ipo, ndo zile praziquantel wanazopewa mashuleni, ila kwanini umpeleke mtoto pikniki umrudishe na kazi ya hospitali. Baba Nasra yeye kwao wamekulia mtoni, alikuwa anajua, akawakusanya watoto wakakaa juu ya mzizi mkubwa, wakatupa mawe majini, ikaisha.

Kutoka ziwani mnaanza kupanda kidogokidogo, mnapita mashamba, mihogo, mbaazi, mikorosho iliyozeeka, mara mnaingia msituni. Na ni kuingia kweli, kama kuingia ndani ya nyumba. Jua linabaki nje. Upepo unabaki juu huko, chini kumetulia, miguu inakanyaga majani makavu, na sauti zenu wenyewe zinawarudia. Mtoto mkubwa wa wifi, huyu ana simu na siku nzima alikuwa analalamika netiweki, alinyamaza. Mimi nikamuangalia wifi, wifi akaniangalia.

Babu hatembei kwa kutangaza kama waongozaji wa kwenye tivii. Anatembea, kimya, alafu anasimama, anawapa watoto kazi. Sasa hivi kila mtu anitafutie jongoo. Sasa hivi fumbeni macho mhesabu ndege wangapi. Nani ataniambia kima wako upande gani (walikuwa juu yetu, wanatuangushia maganda ya matunda). Hakuna hata mara moja aliyosema "huu mti unaitwa hivi" bila kwanza kuwaambia wanuse au washike.

Mfano mmoja. Tumefika chini ya mti mkubwa, babu akainama akaokota ganda moja kama kiganja changu, gumu, jeusi jeusi, limefungika. Akalipigisha na mgongo wa panga, taa, likafunguka katikati kama kitabu. Ndani kuna kitu cheupe laini kama godoro, na kwenye hilo godoro zimelazwa mbegu zimepangwa kwenye vyumba vyake, nyeusi tii zinang'aa kama zimepakwa mafuta, na kila mbegu kichwani ina kofia nyekundu. Nyekundu ya hina mbichi. Mimi nina umri huu nimelala kwenye kitanda cha mkongo, meza ya mkongo, mlango wa mkongo, mbegu ya mkongo sikuwahi kuiona! Watoto wakapeana, wakazibonyeza, wakaweka masikioni kama hereni. Baada ya hapo babu akanyoosha mkono, zirudi. Akazihesabu. Akasema za hifadhi hazitoki, hata moja, mkitaka mkongo nyumbani njooni shambani kwangu nina miche. Moja ilikosekana. Akazihesabu tena, akawaangalia watoto, hakusema kitu, tukaendelea.

Kupanda kwenyewe sio kukali. Kuna sehemu moja ya kama dakika ishirini ina kamwinuko ka kushika magoti na hapo ndo malalamiko yalipoanza, miguu inauma, kiu, tunarudi lini, na ndo mume wangu akatoa simu akaona tumeshatembea kilomita 3 na bado tunapanda. Kilomita 3 za tangazo! Mpaka tunarudi kijijini simu ilisoma 7 na ushee. Sisemi ni nyingi, kwa mtu mzima ni mchana mmoja, ila ukimwambia mzazi 3 anabeba maji ya 3.

Kilichotuvusha pale ni hadithi, babu aliwapigia ya mjusi. Kwamba ng'ambo huko, kaskazini magharibi ya hapa, kuna kilima kinaitwa Tendaguru, na Wajerumani kuanzia 1909 mpaka 1913 walikuwa wanachimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, na gari hakuna, punda hadumu kwa sababu ya mbung'o, kwahiyo mifupa yote ilibebwa na watu kichwani, babu zetu wa huku, mwendo wa siku nne mpaka Lindi bandarini ikapanda meli. Kwenda. Wakirudi wanabeba tena. Yule mjusi saivi kasimama Berlin makumbusho, ana urefu wa kwenda juu mita 13, kimo cha ghorofa nne. Babu akawauliza, "Nyie mmebeba nini?" Mmoja akajibu biskuti. Akasema basi bebeni biskuti zenu tumalizie. Wakapanda. Na mimi nikapanda kimya kimya maana begi langu lilikuwa limebebwa na baba Nasra.

Juu kuna uwazi, unaliona ziwa lote chini kama kioo kimeangushwa kwenye majani, na upande wa magharibi unaona Rondo imelala, bluu, ndefu. Ile ndo nyanda ya juu yenyewe, inafika karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, huko ndo kulikuwa na mvule mikubwa ambayo Mwingereza aliivuna miaka ya 1940 na 1950 mpaka akauacha msitu umechanika. Babu alisema siku ya kwenda Rondo sio siku ya kwenda na mtoto wa miaka 4, ni mbali na kuna baridi, na mimi nimemuamini. Litipo ni kama chumba cha mbele cha Rondo, unaonja.

Haya tuje kwa komba, maana hapa ndo nina kesi. Komba wa Rondo ni kweli yupo, na ni mnyama wa kujivunia, haishi nchi nyingine yoyote duniani, ni Tanzania tu, kwenye vipande vipande vya misitu ya pwani, Rondo na Litipo vikiwemo. Ni kadogo, uzito kama gramu 60 hivi, yaani yai la kuku, macho makubwa kama kameshtushwa, na mkia wake uko kama ile brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi duniani, kwa sababu misitu yenyewe inakatwa mkaa na mbao. Sasa, komba anatoka USIKU. Mchana amelala amejificha. Sisi tumeingia msituni saa 5 asubuhi tukatoka saa 9 mchana. Ungemuona wapi? Hata wataalamu wanaowafuatilia wanawatofautisha kwa milio yao gizani, maana kwa macho komba huyu na yule wanakaribiana sana. Kuuza komba kwenye matembezi ya mchana ni sawa na kuuza mwezi saa 6 mchana. Na kichekesho ni kwamba huyohuyo komba anapatikana hata misitu ya Pugu, na wifi yangu anakaa Gongo la Mboto. Kapanda basi toka Dar mpaka Lindi kuja kumtafuta jirani yake.

Kwenye kushuka likatokea la choo. Tangazo lilisema choo kisafi, choo kipo, kijijini, msituni hakuna na sidhani kama panatakiwa kuwepo, ila tuambiane mapema. Watoto kwao popote ni choo. Wifi alikuwa amejibana toka ziwani, tulipofika ukingo wa msitu pale kwenye mashamba yaliyoachwa akasema samahani nakuja, akaingia kwenye majani. Babu alikuwa mbele na kiongozi wake mdogo hakuona. Dakika mbili hazijafika nikasikia "Wifi! Wifi yangu! Wifi nakufa!" Upupu. Mwezi wa sita ule umeshakauka, yale manyoya ya kahawia ukiyagusa yanapeperuka yenyewe, kamwingia mikononi, shingoni, na, eeeh, nisiseme na wapi. Kosa la kwanza akajimwagia maji ya chupa, kosa la pili akajikuna, ukijikuna unayatembeza.

Babu akarudi, akageuka kichwa kwa adabu, akaniambia mimi, "Mama, mwambie asikune. Chukua huo udongo, lowesha, mpake, ukauke wenyewe, kisha umbandue." Nikampaka wifi yangu tope kama napaka nyumba. Akakaa juu ya gogo robo saa, amekauka, hacheki, haongei, na watoto watano wamemzunguka wanamuangalia. Likapukutika likaondoka na manyoya, sio yote, ila kilio kikaisha. Usiku nikamsugua na majivu. Kwahiyo mzazi, suruali ndefu, mikono mirefu, na usitoke njiani, hilo sio pambo la kuandika kwenye masharti. Kijana wa mjini alituambia tuvae "nguo nzuri za picha".

Chakula. Chakula cha mchana cha pakeji kilikuwa maandazi mawili mawili na soda, soda yenyewe ya moto, imekaa kwenye Noah toka asubuhi. Siandiki zaidi. Babu aliona nyuso za watoto, akasema twendeni nyumbani. Bibi alikuwa ameshachemsha ming'oko, sufuria limefunikwa na majani ya mgomba. Kwa msiojua ming'oko ni vile viazi pori vyembamba kama vidole vya bi kizee, vinachimbwa porini kwa kazi kubwa, vinachemshwa na chumvi, unamenya kwa meno unavuta. Wale wa Dar mwanzo waliangaliana, baada ya hapo walikuwa wanagombania. Akatukaangia na perege wa ziwani, ugali, na pilipili ya kukanyagia. Bibi ni Mmakonde, anasema mama yake alivuka Ruvuma na yeye mgongoni miaka ya 60 wakati wa vita ya Msumbiji wakaletwa Rutamba hapa walipowekwa wakimbizi, na hajawahi kuona sababu ya kuondoka. Nilimpa 30,000 kwa watu wanane, akarudisha 5,000 akasema nyingi. Nikamlazimisha, kagoma.

Hapo hapo ndo nikamuuliza babu kwa upole kijana anakupa ngapi. Akasema siku akiwa na wageni wengi 15,000. Kati ya 235,000, ndugu zangu. Mzee katembea kilomita 7, kabeba mtoto wangu mgongoni kilomita ya mwisho (ndo kule kubebwa nilikosema, na hata hivo mtoto aliendelea kutoa amri toka mgongoni, kushoto babu, simama babu), kaokoa wifi yangu, kawalisha watoto, 15,000. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa kwenye nyumba ya watu.

Tulichelewa kuondoka maana tairi la Noah lilikuwa limelala, lile lile lililojazwa upepo asubuhi. Spea haina upepo pia. Wakati wanahangaika jua likazama, babu akaenda kuswali magharibi, watoto wamelala kwenye mkeka, na kutoka upande wa msitu ikaanza sauti, kama mtoto mchanga analia, kisha nyingine inamjibu. Wifi akakaa wima na tope lake shingoni. Bibi akasema ni komba, huyo ni yule mkubwa, hana neno. Tukasubiri. Baada ya muda ikaja nyingine ndogo, nyembamba, ya kukatakata, mara ikanyamaza. Babu alikuwa amesharudi, akanyoosha kidole juu, akasema sikiliza. Ikarudi. Kama ndo yeye wa Rondo au mwingine siwezi kuapa, babu anasema ndo yeye, na kati ya babu na tangazo mnajua mimi niko upande gani.

Kwahiyo mkitaka kwenda: chukueni usafiri wenu, Noah ya kuaminika au bodaboda kama hamna watoto, muanze asubuhi mapema. Kibali shughulikieni kabla ya siku na risiti iwe mkononi. Kijijini ulizeni ofisini mzee wa kuwatembeza, wapo zaidi ya mmoja, na hela mpeni yeye mkononi. Sisi tulivyorudi wenyewe wiki mbili baadae bila pakeji, familia nzima tulitumia 120,000 na mafuta yamo, na babu alibaki na 40,000 yake. Maji bebeni lita moja na nusu kila mtu. Kiangazi ndo vizuri, kuanzia masika ikiisha mwezi wa tano mpaka wa kumi, mvua zikianza mwishoni mwa mwaka ile njia Noah haipiti hata kwa dua. Mtoto chini ya miaka 4 sishauri, na bibi mwenye magoti mabaya aishie ziwani, pale pekee panatosha kukaa siku nzima.

Ile mbegu ya mkongo niliikuta nikifua. Ilikuwa kwenye soksi ya kiongozi wa msafara. Safari ya pili aliirudisha mwenyewe, babu akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni, akasema sasa hesabu imetimia.

Kijana wa mjini juzi kaniandikia dada naomba nyota tano. Nimempa mbili, moja kwa kunionyesha njia ya Rutamba, moja kwa kurudisha hela ya kibali. Tano ni za babu, ila yeye hana pa kuziweka, simu yake ni ya tochi.